Nyasi za Njaa

"Chukueni mkate," Nuala alisema, akiwakatia vipande viwili vya mkate wa magadi uliotoka jikoni sasa hivi. "Kila mtu aweke wake mfukoni. Na msiule."

Mzee Fintan Mulchrone akacheka. Alikuwa ametoka Ballarat, Australia, yeye na binti yake Dympna, kuja kuiona Mayo, huko Ireland, nchi aliyoisikia mdomoni mwa babu yake tangu akiwa mtoto. Umri miaka sabini na minane, moyo mbovu, daktari kamkataza kusafiri. Kaja hivyo hivyo. Mbishi huyo mzee, ukimwambia akae, ndipo anaposimama.

"Shangazi, tunakwenda hapo mlimani tu kupiga picha ya ile nyumba ya mababu," Dympna alisema. "Tutarudi chai haijapoa."

"Hapo hapo mlimani ndipo ninaposemea." Nuala, binamu ya mzee, mjane aliyebaki na shamba la ukoo, hakucheka. "Nyinyi watu wa ng'ambo mna hamu sana ya kuwatafuta marehemu. Sisi tunaoishi nao tunabeba mkate, maana njaa yao inaambukiza."

Jua lilikuwa linazama walipoanza kupanda, katikati ya kuta fupi za mawe. Penye lango walimkuta punda, kasimama peke yake. Mzee akatoa kipande chake akampa.

"Baba, umeambiwa nini?"

"Huyu ana njaa kuliko mimi. Nimekula kondoo mzima mchana."

Dympna akanung'unika, akamwacha. Angegombana naye mara ngapi kwa siku?

Nyumba yenyewe ilikuwa kuta tu. Paa hakuna, mlango hakuna, limebaki pengo lake. Mzee Fintan aliweka kiganja kwenye jiwe la pembeni mwa mlango akalia bila aibu, maana babu yake alikufa hajaliona jiwe hilo. Dympna naye machozi yakamtoka. Akapiga picha mbili za baba yake pale, na ukungu ukaanza kushuka.

Mzee akajifuta uso, akazunguka nyuma ya nyumba.

Kule nyuma palikuwa na nyasi ndefu, kijani kibichi, kipande cha upana wa kitanda. Kondoo walikuwa wamekwangua mlima mzima mpaka kwenye udongo. Hapo hawakugusa.

Mzee akakanyaga.

Akakaa chini ghafla, kama mtu aliyevutwa shati.

"Dympna..."

"Ni moyo, Baba? Dawa iko wapi?"

"Njaa," alinong'ona. "Mwanangu, nina njaa..."

Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. Akang'oa nyasi kwa mikono miwili, akajishindilia kinywani, akatafuna, akang'oa nyingine. Dympna akamshika mikono. Hakumweza. Mzee ambaye asubuhi alisaidiwa kufunga kamba za viatu! Kisha nguvu zikamwishia, akalala chali, na pumzi ikawa inakuja moja... halafu kimya... halafu nyingine.

Hapo ndipo harufu ilipofika. Viazi vilivyooza. Harufu nzito, tamu, ya kutapisha, na pale mlimani hakuna aliyelima kiazi tangu kabla Nuala hajazaliwa.

Mkate. Dympna akatia mkono mfukoni.

Kitu kikakwaruza jiwe nyuma yake.

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta. Peku. Mwili mifupa mitupu ndani ya shuka. Midomo yake ilikuwa kijani, na kidevu pia. Akanyoosha mkono, kiganja juu, akasema kitu kwa Kiairishi cha zamani. Dympna hajui hata neno moja la lugha ile, lakini alielewa lote.

"Mmenitafuta, wanangu. Nimekuja. Una chochote?"

Vidole vya Dympna vilikuwa vimeushika mkate. Kipande kidogo, cha kutosha mdomo mmoja. Chini, kifua cha baba yake kilikuwa hakijapanda tena.

"Sina," alisema.

Mwanamke akautazama ule mfuko. Akautazama sana.

"Malachi naye alisema hivyo."

Dympna akampa mgongo. Akamchokoa baba yake nyasi mdomoni kwa kidole, akamlisha mkate, akamsugua koo huku akilia na kumwomba ameze. Akameza. Akakohoa. Pumzi ikarudi. Dympna alipothubutu kugeuka, ulikuwepo ukungu tu.

Alimrudisha baba yake nyumbani amemkumbatia kiunoni. Nuala akamweka mzee karibu na moto wa mboji kavu, kuni ya huko, akamfunika blanketi, akasikiliza habari yote bila kukatiza.

"Malachi ndiye baba wa babu yake Fintan," alisema mwishowe. "Aliyepanda meli. Alikuwa na dada yake, Honor. Inasemekana Honor alikuja kuomba mlangoni kwa Malachi mwaka ule viazi vilipooza na watu wakafa kwa njaa. Zaidi ya hapo sijui. Waliojua hawakutaka kusema."

"Shangazi, nimekosea?"

"Ulikuwa na baba yako mikononi. Hata mimi ningefanya hivyo." Lakini hakumtazama usoni.

"Ungemwambia tu kwamba kipande kipo kimoja," mzee alisema kutoka kwenye blanketi, macho kayafumba.

Dympna akamgeukia. "Baba, ulisikia?"

"Nilikuwa nimelala karibu naye."

Siku ya kuondoka, mzee alikataa kuingia garini. Dympna alibembeleza, akafoka, akamtajia wajukuu, akamtajia daktari. Wapi! "Nenda, mama," alimwambia kwa upole. "Mimi nimefika kwa watu wangu." Dympna akapanda ndege peke yake, na njia nzima hakuweza kula.

Simu za Nuala zilikuwa za mashaka. Mzee ni mzima, moyo haumsumbui hata kidogo. Ila kila jua likizama anachukua sahani yake ya chakula, haijaguswa, anapanda nayo mlimani. Inarudi nyeupe. Na yeye anazidi kukonda, mkanda umetobolewa matundu mapya. Nuala alimfuata siku moja. Hataki kumfuata tena, wala hataki kuulizwa.

"Mpe simu," Dympna alisema.

Akasikia blanketi likisogezwa, kisha pumzi ya baba yake.

"Baba, nakuja kukuchukua. Wiki hii."

"Usije, mwanangu."

"Kwa nini?"

Mzee akausogeza mdomo kwenye simu. Aliposema, alinong'ona, kama mtu asiyetaka aliye karibu asikie.

"Anakuulizia kila siku. Nimemwambia wewe si mbaya, uliogopa tu. Haniamini."