Ua la Majani Sita kwenye Mkia wa Ndege

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sheha wa Tibirinzi, kiongozi wa mtaa huko Pemba, alifungua mlango akakuta karatasi imebandikwa. Picha ya ndege ya vita, bomu chini ya kila bawa, na maneno: SIKU IMEFIKA. Ulikuwa mwaka 2005, umebaki mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Hakuna aliyecheka.

Saa tatu polisi walimchukua Talal, kijana wa miaka kumi na tisa. Mkiani mwa ndege palikuwa na ua linaloshonwa kwenye kofia, na ua lile mtaa mzima walijua ni la mkono wa nani: Bi Zuweina, mshona kofia, mama yake Talal.

Bi Zuweina alifika kituoni buibui kalivaa nje ndani.

"Bibi, boti inaondoka bandari ya Mkoani saa saba," Sajini Jecha alimwambia. "Wakubwa wanamtaka Unguja."

Mtoto wa jirani yake alivushwa vivyo hivyo wakati wa uchaguzi uliopita. Alirudi, lakini hasemi.

"Kakiri nini?"

"Kuchora. Anasema ni mchezo wa kompyuta, watu hupigana angani, naye huzipaka ndege rangi azitakazo. Maneno kayakana."

Bi Zuweina alikumbuka Jumanne. Umeme ulikatika wakati wa magharibi, Talal akarudi kutoka kwa Hamdan, mwenye duka la kompyuta. Kwenye mwanga wa kandili alimchorea daftarini ua alilotia mkiani. Mama akamcheka: "Majani sita? Langu lina manane, weye!" Jumatano asubuhi Talal alirudi dukani kulirekebisha, akafuta lile la zamani.

"Nioneshe karatasi, Sajini."

Alihesabu kwa kidole. Akarudia.

"Niitie Hamdan. Na Marhoun, rafiki wa Talal anayecheza naye."

Marhoun aliingia, sidii mkononi. "Wallahi si mie, Bi Zuweina! Nilikuwa Makoongwe harusini tangu Jumanne, nimerudi jana. Ndege Talal kanipa jana alasiri, hii hapa kwenye sidii."

Waliifungua kwenye kompyuta ya kituo. Ndege ilikuwa imetandazwa bapa kama kanzu iliyokatwa kabla haijashonwa: bawa huku, tumbo kule, mkia pembeni. Bi Zuweina alihesabu. Manane.

"Kaa pale, mwanangu. Si weye."

Hamdan aliingia saa tano na robo, kanzu imepigwa pasi. "Sajini, yule nimemfungulia mlango kama mwanangu. Ndege hiyo nimeiona leo tu. Jana nilikaa na printa mwenyewe, tangu kufungua hadi kufunga. Haikutoka kwangu."

"Jana haikutoka?" aliuliza Bi Zuweina.

"Haikutoka."

"Basi ilitoka juzi. Hii ya mlangoni ina majani sita. Talal aliirekebisha jana asubuhi, ya zamani akaifuta. Ya majani sita ililala usiku mmoja, ndani ya kompyuta yako."

"Labda kaichapa mwenyewe hiyo juzi," alisema Sajini.

"Kwa umeme gani? Tibirinzi nzima ilikuwa giza tangu magharibi, naye alikuwa ndiyo kwanza anamaliza mkia. Umeme ulirudi baada ya isha, yeye yuko kwangu. Hamdan, ufunguo wa duka anao nani?"

Hamdan alijaribu kucheka. "Bi Zuweina, ua ni ua."

"Kwa anayeivaa kofia. Mshonaji huhesabu."

Sajini alinyoosha mkono. "Ufunguo."

Hamdan aliuweka mezani, na mkono wake ukabaki juu yake.

"Niliambiwa polisi watapita kukagua kompyuta," alisema taratibu. "Vikaratasi vya mkutano wa siasa uliokatazwa, mie ndiye niliyevichapa. Niliogopa. Nikasema wakimpata mwengine, hawatafika kwangu."

"Mwengine nani?" aliuliza Bi Zuweina.

Hamdan aliusukuma ufunguo kwa Sajini.

"Sema jina lake. Ulimfungulia mlango kama mwanao."

Saa sita na dakika kumi Talal alitolewa. Hamdan ndiye aliyepakiwa gari ya Mkoani. Mkewe alisimama nje ya kituo, na Bi Zuweina alipita bila kuthubutu kumtazama usoni.

Kina mama, mchezo ni mchezo mpaka utoke ndani ya kompyuta. Waulizeni watoto wanachora nini, na nani anakiona wakishaondoka.

Njiani Talal alisema, "Mama, ua lako ndilo lililoniokoa."

"Ndilo lililokupeleka ndani," alijibu.

Kofia aliyokuwa nayo mkononi aliimaliza wiki ile. Ua akalitia majani matano badala ya manane, kama washonavyo watu wote, lisijulikane ni la nani.