Baba Aliusafisha Upanga wa Mjapani

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mitatu, nashona nguo Kibomet hapa Kitale, na nimechoka. Si uchovu wa cherehani, huo nimeuzoea. Huu ni wa kubeba jambo ambalo sina pa kulitua...

Babu yangu alipelekwa Burma kupigana vita vya wazungu. Alirudi kwetu Matulo na upanga wa Mjapani, na hakuununua. Aliutoa mkononi mwa maiti! Miaka yote ulining'inia ukutani, mpini umefungwa kwa ngozi ya ng'ombe. Siku anakata roho, babu alimwita baba akamwambia kitu hiki kina wenyewe, kirudi kwao.

Baba hakukirudisha. Angeanzia wapi? Yeye alikuwa mfua majembe na visu, Japani aliisikia kwenye redio tu. Lakini kila baya lililotupata aliutupia ule upanga lawama. Ng'ombe akifa, ni upanga. Kaka yangu mkubwa alipotutoka, ni upanga. Mwishowe moyo wake ukaanza kushindwa, miguu ikavimba, akanitumia mtu nije.

Baba aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mamake. "Mama, wewe uko na simu ya maana," akaniambia. "Tafuta hao watu. Sitaki kukutana na huyo Mjapani huko mbele na kitu yake bado iko kwangu."

Ati mimi! Fundi wa sketi za shule nitafute mwenye upanga! Lakini ungeyaona macho yake, ungekataa?

Nikajiunga na kikundi cha mtandaoni cha watu wanaopenda panga hizo za kale. Nilianza kwa aibu. Nilituma picha ya makali nikajisifu kwamba upanga wetu ni mzuri kwa sababu unang'aa. Walinicheka, bana! Ila mzee mmoja Mjapani, mwenye Kiingereza cha kuokotaokota kama changu, alinihurumia.

Alinifundisha kuangalia jinsi upanga ulivyopinda. Alinionyesha mstari mweupe kama ukungu unaotembea kando ya makali, ambao panga za kiwandani huuiga lakini vibaya. Nilikuwa nikienda Matulo, nageuzageuza upanga dirishani, baba ananitazama kutoka kitandani kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Macho yangu ya kushona yalishika haraka. Siku moja yule mzee akaandika kwamba wetu ni wa kale kuliko vita vyenyewe, urithi wa nyumba ya watu. Nililia kwa furaha jamani!

Sasa, nyumba gani? Akasema jibu liko kwenye mkia, ile sehemu ya chuma inayojificha ndani ya mpini. Hapo mfuaji huchonga jina lake, na wakati mwingine mwenye upanga huandika lake kwa wino. Akanionya sana. Kutu ya mkia ni nyeusi, ni ya miaka mingi, ndiyo shahidi wa umri wake. Usiisugue. Hata kwa kitambaa usiiguse!

Mpini ulikataa kutoka. Nilikuwa na nguo za harusi zinazosubiriwa Kitale, kwa hiyo nikamwachia baba. Nikamwambia, "Baba, toa mpini tu, nitakuja Jumamosi nipige picha."

Na ile habari ya kutu? Sikuisema. Ilifika kwenye ulimi ikarudi. Kwetu msichana hakanyagi kibanda cha kufulia chuma. Tangu utoto nilikuwa nikifukuzwa nikisogelea mivukuto. Leo nimfundishe baba yangu chuma, yeye aliyelisha Matulo nzima majembe? Nikaona ni utovu wa adabu. Nikameza maneno, nikaenda zangu.

Jumamosi nilimkuta nje, amevaa koti la kanisani. Mgonjwa ambaye juzi hakuweza kushika kikombe! Upanga ulikuwa mapajani mwake, na mpini mpya wa mti mgumu.

"Mama, angalia," akasema huku anacheka. "Kitu ya wenyewe hairudi na uchafu. Hata sufuria ya jirani unaosha kwanza. Nimetoa ile kutu yote."

Alikuwa ameupiga mkia tupa mpaka ukawa mweupe na mwembamba. Kisha akautia motoni ukawa mwekundu, akauchoma ndani ya mti, vile mpini wa kisu unavyotiwa kwetu. Kazi yake ya mwisho duniani... na ilikuwa safi kabisa!

Nilimuuliza kama aliona maandishi. Akasema kulikuwa na vikwaruzo fulani, ametoa.

Nilipiga picha. Nikamtumia yule mzee, akaandika kwamba amehuzunika sana, hakuna atakayeweza kujua tena ulikuwa wa nyumba gani.

Nikamdanganya baba. Nilibeba upanga Kitale, nikampigia simu baadaye kwamba wenyewe wamepatikana, umefika. Akaniuliza, "Walisema nini wakiona ni safi?" Nikamwambia walilia. Mamangu anasema usiku ule alilala bila kuhangaika, mara ya kwanza tangu augue.

Alifia hospitalini Bungoma. Kwenye mazishi mjomba wangu wa Bumula alisimama akasema huyu ni mtu aliyerudisha cha watu mpaka ng'ambo ya bahari. Kina mama wakapiga vigelegele. Wakanisimamisha mimi binti nipigiwe makofi! Nilitamani ardhi inimeze.

Ndugu zangu, mkijua jambo, lisemeni nyumbani. Semeni hata kama ni kwa baba, hata kama ndiyo kazi yake ya maisha. Mtaonekana wajuaji, mtagombezwa, na yatapita. Mimi nilinyamaza kwa heshima, na sasa heshima hiyo iko chini ya kitanda changu, imeviringishwa kwa blanketi.

Na kama huko Japani kuna nyumba ambayo bado inauliza upanga wa babu yao ulikwenda wapi, waambieni uko Kibomet. Waambieni umesafishwa vizuri.