Damu Isiyo Yake

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mkuu wa maabara alikutwa sakafuni, povu limemjaa mdomoni, kikombe cha chai kimepinduka kando yake. Saa tano kasorobo Inspekta alifika, akakuta mgonjwa anakata roho, na daktari hajui amtibu sumu gani.

Fundi mkongwe wa maabara, waliyemwita Mzee Vioo, alishachukua damu na kuidondoshea kwenye kikaratasi cha pembetatu. Mashine mpya ya kupima sumu na dawa iliivuta moja kwa moja, ikatoa majibu kwa dakika mbili.

"Hakuna sumu," alisema Mzee Vioo, akisugua plasta kidoleni. "Labda moyo."

Inspekta hakuridhika. Akamgeukia muuguzi, mpwa wa mkuu.

"Chai uliipika wewe?"

"Ndiyo, Afande. Lakini mjomba ndiye aliyenilea! Nimuue kwa lipi?"

"Nani mwingine alikunywa?"

"Mimi na Mzee Vioo. Yake haina sukari, kama kawaida."

Inspekta alimpa daktari ile karatasi ya majibu. "Nisomee yote, usiruke kitu."

"Sumu hakuna. Kuna dawa ya kisukari tu."

"Mjomba hana kisukari!" muuguzi akamaka. "Anaweka vijiko vitatu vya sukari!"

Inspekta aliitazama ile plasta ya Mzee Vioo.

"Dada, mtoe mjomba wako damu nyingine. Wewe mwenyewe, mbele yangu."

Dakika mbili baadaye mashine ikataja dawa ya kuulia wadudu. Daktari alitoka mbio na sindano.

"Ulijichoma kidole ukaweka damu yako," Inspekta alisema.

Mzee Vioo aliketi. "Miaka thelathini tulikuwa tunaisafisha damu kwanza, kisha tunatafuta kile tulichoulizwa. Nani angeuliza kisukari?"

"Mashine hii haisafishi wala haisubiri kuulizwa, mzee wangu. Kwa nini lakini?"

"Nilichanganya majibu ya makundi ya damu ya wajawazito wawili. Mmoja akawekewa damu isiyo yake, akafa. Mkuu aligundua jana. Leo mchana angenitaja kwenye kikao. Ni rafiki yangu, Afande! Nilimsihi anyamaze, akakataa."

Alitolewa akiwa amefungwa pingu.

Saa nane mkuu alifumbua macho. Mpwa wake aliinama amsikie. Hakuuliza nani alimwekea sumu. Alitaja jina la yule mjamzito aliyekufa, akauliza kama mumewe ameshaambiwa ukweli.