Mwali wa Manjano Jikoni kwa Glenys

Majira yale ya baridi, kila asubuhi Wilf Ashworth alichukua kiberiti akaenda nyumba ya pili. Mkewe, Doreen, alibaki dirishani akiitazama saa.

Nyumba ya pili aliishi Glenys, mjane. Jikoni mwake kulikuwa na boila la zamani la gesi, la kupashia joto maji na nyumba. Ndani ya boila kuna mwali mdogo unaowaka wakati wote. Huo ndio unaowasha moto mkubwa. Mwali wa Glenys ulikuwa ukizimika kila mara.

"Dakika arobaini kuwasha mwali mmoja?" Doreen aliuliza Wilf aliporudi.

"Haushiki upesi. Unabonyeza kitufe, unangoja. Halafu Glenys alinipa chai."

"Hapa hakuna chai?"

Wilf alijishika paji la uso. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Kichwa kinaniuma," alisema.

"Huko kwake hakikuumi?"

"Huko ndiko kinakoanzia kuuma."

Doreen aligeuka machozi yasionekane. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na mume wake anarudi kutoka kwa jirani na mashavu mekundu kama kijana!

Ijumaa Wilf alitoka mapema zaidi. Saa nzima ikapita. Doreen akavaa koti, akaenda mlango wa nyuma wa Glenys. Aligonga. Kimya. Akausukuma.

Wilf alikuwa ameketi mezani. Glenys amemlalia begani.

"Kumbe ndivyo mlivyo," alisema Doreen.

Wilf aliinua kichwa polepole. "Doreen... miguu haina nguvu."

Glenys hakufumbua macho. Hapo Doreen aliona moto wa boila. Ulikuwa wa manjano, ukiyumba, na ukuta wa juu yake ulikuwa na masizi meusi. Hasira ikageuka hofu. Aliuacha mlango wazi, akamvuta Glenys hadi uani, kisha akarudi akamkokota mumewe. Alikimbia kwake kupiga simu.

"Msirudi ndani," alisema mama wa huduma ya dharura. "Mita ya gesi iko wapi?"

"Nje, kwenye kisanduku."

"Funga gesi hapo. Gari la wagonjwa linakuja."

Wote wawili walilazwa siku moja hospitalini, wakapona. Waliporudi, jikoni kwa Glenys alikuja Imtiaz, fundi wa gesi mwenye leseni. Alichungulia tundu la hewa ukutani. Lilikuwa limezibwa kwa taulo.

"Nani aliziba hapa?"

"Mimi," alisema Wilf. "Nilidhani upepo ndio unaozima mwali."

"Upepo hauna kosa, mzee. Tazama kijiti hiki. Kazi yake ni kuhisi joto la mwali. Mwali ukizimika, kinafunga gesi isivuje. Hiki kimechakaa, kinafunga hata mwali ukiwaka. Nitaweka kipya, ni kazi ndogo. Lakini ulipoziba tundu, moto ulikosa hewa. Moto ukikosa hewa hutoa gesi yenye sumu."

"Mbona hatukunusa kitu?" Glenys aliuliza.

"Haina harufu wala rangi. Inaanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Ukitoka nje unapata nafuu. Ukirudi, inaanza tena."

Doreen alimtazama Wilf. Wilf alitazama sakafu.

"Mwali mzuri ni wa buluu, umetulia," Imtiaz aliendelea. "Ukiwa wa manjano, zimeni, fungueni milango, tokeni, pigeni simu. Mwali ukizimika tena na tena, msishindane nao kwa kiberiti. Iteni fundi. Na kila mwaka boila likaguliwe."

Alibadilisha kijiti, akasafisha masizi, akapima dohani, bomba la kutolea moshi. Mwisho alifunga kengele ndogo ya kuonya kuhusu ile sumu.

Tangu siku hiyo mwali haukuzimika. Glenys hakuumwa kichwa tena, na Wilf alikunywa chai yake nyumbani. Sasa ni Doreen aliyekwenda kwa Glenys, kila Alhamisi.

"Siku ile nilikuja kugombana," alisema mara ya kwanza.

"Najua. Nilipozinduka uani nikakuona umepaka rangi ya mdomo, saa mbili asubuhi."

Doreen hakucheka. Glenys akamkatia keki ya tangawizi. Ilikuwa tamu kuliko yake mwenyewe, na hilo lilimuuma kidogo. Akala yote, kisha akaomba aandikiwe namna ya kuipika.