Dalali Aliyekata Masale

Kila asubuhi Mwanahalima alikaanga maandazi nje ya chumba chao, mtaa wa Levolosi. Mume wake, Khalfani, alikaa karibu naye kwenye kigoda, akipiga viatu vyake rangi. Alikuwa na jozi moja tu ya kazi, na visigino vyake vilikuwa vimelika upande mmoja.

"Baba Najat, ofisi yako imechakaa," Mwanahalima alimtania.

"Ofisi gani?"

"Si hiyo unayoipiga rangi?"

Khalfani alicheka, kwa sababu mke wake alisema kweli. Khalfani alikuwa dalali wa nyumba na viwanja. Hakuwa na meza, wala kibao, wala leseni. Alishinda kijiweni na madalali wenzake, na mteja akitokea, walitembea. Mwaka huo wa 2002 wateja hawakukosekana. Mji wa Arusha ulikuwa unapanuka. Wenye maduka, wenye magari ya watalii, wachimbaji madini wa Mererani, wote walitaka kiwanja.

"Leseni utakata lini?" Mwanahalima aliuliza.

"Leseni ya nini? Udalali ni mdomo na miguu, Mama Najat."

"Na masikio je? Siku hizi huulizi kitu. Unasema tu."

Khalfani alichukua andazi la moto, akaenda zake.

Wiki hiyo alifika kijiweni mtu mmoja aitwaye Sumari. Alitoka juu ya Kikatiti, kwenye miteremko ya Mlima Meru.

"Nina shamba la nusu eka," alisema. "Lilikuwa la kaka yangu, marehemu. Sasa ni langu. Nitafutie mnunuzi."

Khalfani hakuuliza zaidi. Tayari alikuwa na mteja, Bwana Iqbal, muuza vipuri, aliyetaka mahali penye hewa nzuri ili amjengee mama yake nyumba.

Siku moja kabla ya kumpeleka mteja, Khalfani alikwenda peke yake kulisafisha shamba. Aliona migombani nyumba ndogo iliyofungwa, na kahawa iliyotunzwa vizuri. Katikati ya migomba kulikuwa na mimea mirefu ya majani ya kijani, imesongamana. Mwenyeji yeyote wa Meru angejua kuwa hayo ni masale, na masale hayakatwi ovyo. Lakini Khalfani alikuwa mtoto wa mjini. Yeye aliona kichaka. Alichukua panga, akaikata yote, akairundika kando.

"Sasa pamependeza," alijisemea. Aliridhika kabisa.

Kesho yake walikuwa watatu shambani: Khalfani, Sumari na Bwana Iqbal. Walikuwa wanavuta futi kupima upana. Mara akaingia bibi mmoja, kikapu kichwani, kitenge kimefungwa kiunoni. Sumari alipomwona aliachia futi.

"Shikamoo, Bibi!" Khalfani alisema kwa furaha. "Karibu sana. Na wewe unatafuta kiwanja?"

"Marahaba," bibi alijibu. "Mimi natafuta mlango wangu. Hapa ni kwangu."

Jina lake lilikuwa Eunike. Binti yake, Angel, alikuwa amejifungua huko Moshi, na Bibi Eunike alikwenda kumlea mzazi kwa wiki tatu. Sasa alikuwa amerudi. Alitua kikapu chini. Kisha macho yake yakaenda katikati ya migomba.

"Nani amemkatia mume wangu masale yake?"

Bibi Eunike alipiga hatua polepole hadi penye lile rundo. Aliokota shina moja, akafuta udongo kwa kiganja chake.

"Ni mimi, Bibi," Khalfani alisema. "Nilifikiri ni kichaka."

"Hapa amelala Kaanaeli wangu. Msalaba wake wa mbao uliliwa na mchwa. Nikabaki na masale. Kila asubuhi nikitoka nje, ndiyo nayasalimia kwanza."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Khalfani angepata nafuu. Bwana Iqbal alikunja futi yake.

"Bwana Khalfani, mimi sinunui kaburi la mtu. Wewe hukujua?"

"Sikujua, wallahi."

"Uliuliza?"

Khalfani alitazama viatu vyake. Bwana Iqbal aliondoka. Walipogeuka kumtafuta Sumari, naye alikuwa ameshapotelea migombani.

Bibi Eunike alimchukua Khalfani hadi ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mtendaji alikuwa mwanamke, jina lake Elinaza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana, kuna karatasi yoyote inayoonyesha kuwa Sumari amepewa shamba hili?" aliuliza.

"Alisema tu ni lake."

"Urithi hauendi kwa kusema tu. Ukoo hukaa, na mahakama humthibitisha msimamizi wa mirathi. Sumari hajafika mbele ya ukoo wala mahakama. Halafu ardhi ya kijiji haiuzwi kwa neno la mtu mmoja. Jambo lazima lifike halmashauri ya kijiji. Majirani wanaopakana na shamba waitwe. Na kama mwenye nyumba ana mke au mume, mwenzake lazima akubali. Wewe uliongea na jirani hata mmoja?"

"Hapana, Mama."

"Ungegonga mlango mmoja tu, ungeambiwa kwamba mwenyewe yuko Moshi, analea. Je, una leseni ya udalali?"

"Sina."

Khalfani aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Elinaza alimwonea huruma. Alimsindikiza nje, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Kwetu, mtu akiomba msamaha huja na jani la isale, mmea huohuo wa masale. Hilo halikataliwi. Na shina lililokatwa likichomekwa ardhini, huota tena. Usichelewe, yatakauka."

Nyumbani, Khalfani alimsimulia mke wake kila kitu. Alishindwa kula. Mwanahalima hakumcheka, wala hakumkumbusha habari ya masikio. Alimpa maji, akakaa karibu naye.

"Kesho sikaangi maandazi," alisema. "Tunakwenda wote."

Walifika mapema. Khalfani alishika jani la isale kwa mikono miwili, kwa woga.

"Bibi, nimekukosea. Nimemkosea na mzee. Naomba unisamehe."

Bibi Eunike alilipokea lile jani. Kisha alimwonyesha Khalfani jembe. Khalfani alichimba, Mwanahalima akashikilia mashina, na Bibi Eunike akashindilia udongo kwa mguu. Walichomeka yote yaliyokuwa hai. Baadaye aliwapikia ndizi, wakala pamoja.

"Nimekusamehe, mwanangu," Bibi Eunike alisema. "Lakini kazi bado huijui. Kuwa na miguu ya kutembea hakutoshi. Nenda kajifunze."

"Nijifunze wapi, Bibi?"

"Muulize Elinaza. Si umeambiwa ujue kuuliza?"

Mwanahalima alicheka hadi akashika tumbo. Na Khalfani akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Elinaza alimwambia kuwa mwezi huo kulikuwa na semina ya siku tatu kuhusu sheria mpya za ardhi. Ilifanyika Kikatiti, katika ukumbi wa kanisa. Khalfani alikaa mstari wa mbele na kofia yake ya Kiislamu, daftari mapajani. Kuandika kulimpa taabu. Aliacha shule darasa la tatu, na kwa miaka mingi alificha jambo hilo. Wateja walipompa karatasi, alikuwa akisema, "Nimeona," akaikunja haraka.

Sasa hakuficha tena. Jioni Mwanahalima alipokanda unga, Khalfani alimsomea daftari kwa sauti.

"Ha-ti mi-li-ki," alisoma. "Jina lililo kwenye hati lazima lilingane na jina la mwenye... mwenye..."

"Mwenye kuuza. Endelea, mume wangu. Unasoma vizuri."

Hakuwa anasoma vizuri bado, lakini neno lile lilimpa nguvu. Baada ya miezi mitatu alisoma ukurasa mzima bila kusimama. Mwanahalima aliacha kukanda. Alimtazama tu, unga mikononi, macho yamelowa.

Ndipo Khalfani alipokwenda ofisi ya manispaa kwa afisa biashara.

"Nataka leseni ya udalali. Lakini sina cheti cha shule," alisema.

"Fomu hii haikuulizi cheti cha shule," afisa alijibu. "Inataka jina lako, mahali pa biashara panapojulikana, na namba ya mlipakodi. Namba utaipata ofisi ya mapato. Masharti hubadilika, kwa hiyo kila ukija kuhuisha leseni uliza upya. Na jambo moja zaidi, bwana. Leseni inakuruhusu kufanya kazi. Haikufundishi kazi."

"Hilo nimelijua kwa machungu," Khalfani alisema.

Alipata namba, akapanga kijichumba kando ya barabara, Levolosi, kisha akarudi kuijaza fomu mwenyewe, mbele ya afisa. Ilimchukua nusu saa.

Leseni ilipotoka, alifungua kile kijichumba. Alitundika leseni ukutani, akaweka meza, viti viwili na daftari. Kila aliyekuja kuuza aliulizwa: hati iko wapi, nani mwingine ana haki hapa, majirani ni akina nani, mtendaji ana habari? Shamba au kiwanja alikwenda kukikagua kwa miguu, na majirani aliwasalimia kwanza. Wenzake wa kijiweni walimwita Dalali Maswali. Wauzaji wengine walikasirika, wakaondoka. Lakini hakuna aliyenunua kwake akaja kulia.

Masika ya mwaka uliofuata mwalimu mmoja mstaafu, Ruth, aliingia ofisini. Alitaka kupangisha nyumba yake ya Olasiti.

"Karibu, Mwalimu. Nani amekuelekeza kwangu?"

"Bibi mmoja wa kanisani kwetu, juu ya Kikatiti. Nilimwambia naogopa madalali. Akasema, nenda Levolosi, mtafute yule aliyekata masale ya mume wangu. Siku hizi anauliza kwanza."

Mwanahalima, aliyekuwa ameleta chai, alisimama mlangoni na birika mkononi.

"Na masale yenyewe, Mwalimu?" Khalfani aliuliza. "Yameota?"

"Yameota yote. Bibi anayasalimia kila asubuhi."

Khalfani alifuta macho kwa kiganja. Kisha alifungua daftari, akashika kalamu.

"Haya, Mwalimu, tuanze. Hati ina jina la nani? Na ndani ya nyumba hiyo sasa hivi anaishi nani?"