Kifaa cha Nne Nyumbani kwa Shangazi

Jirani yetu tulimzoea kwa jina la Waya, kwa sababu kazi yake ni mitandao na mwili wake nao hauna tofauti na waya wenyewe. Jumamosi moja mchana shangazi yake alimwita. Intaneti ya nyumbani ilikuwa ikisuasua, na shangazi alishaamua kwamba kuna mtu anamwibia.

"Mfungie huyo mwizi, baba," alisema, akaenda jikoni kubandika chai.

Waya akaketi chumba cha wageni, kando ya ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, akaichomeka kompyuta yake. Kila kifaa kina anwani yake, kinatoka nayo kiwandani kama mtu anavyozaliwa na alama za vidole. Ukiizuia anwani hiyo, kifaa hakipati tena mtandao. Kazi nyepesi. Akaona simu ya shangazi, runinga, simu yake mwenyewe. Na kifaa cha nne, kisicho na jina.

Kilichomshangaza ni nguvu ya mawimbi. Kifaa cha jirani kingeshika kwa shida. Hiki kilikuwa karibu na ruta kuliko simu iliyokuwa mfukoni mwake.

Akachungulia uvunguni mwa kitanda. Hapakuwa na kitu.

Akakizuia. Papo hapo simu yake ikapoteza mtandao. Lakini kwenye kompyuta anwani ya simu ileile ilionyesha imeunganishwa, mawimbi yamejaa. Kumbe ameiga anwani yangu, akajisemea. Ujanja huo aliujua. Akatabasamu, akaizuia na hiyo.

Mlango wa chumba ukajifunga. Taratibu, kama unaofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Akashika kitasa. Hakikuzunguka. Akaita. Akagonga kwa ngumi. Akapiga simu, haikutoka. Jikoni vikombe viliendelea kugongana, bila haraka.

"Umemaliza, baba?" Ilikuwa sauti ya shangazi.

"Nimemaliza, shangazi."

Waya akaganda. Sauti iliyojibu ilikuwa yake.

"Na mwizi je?"

"Nimemfungia."

"Yuko wapi?"

Ile sauti ikanong'ona: "Chumbani."

Shangazi akacheka, akidhani ni mizaha yake ya kila siku. Waya alipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Hakuna aliyekuja. Akarudi kwenye kompyuta aondoe vizuizi vyote. *Huruhusiwi.* Akajaribu tena. *Huruhusiwi.* Dirisha lilikuwa na nondo. Hewa ikawa nzito. Akaing'oa ruta ukutani, na nyaya zake.

Kitasa kikalegea.

Shangazi alikuwa akisuuza vikombe viwili. Akageuka, ameshangaa. "Umesahau nini tena? Si umeniaga sasa hivi?"

Kabla hajajibu, simu ikaita. Mkewe.

"Una nini wewe? Umeingia bila hata salamu, ukajifungia chumbani. Fungua basi, mtoto anaogopa."

"Mchukue mtoto," Waya alinong'ona. "Tokeni nje. Msigonge tena."

Alipofika kwake, sisi majirani tulivunja mlango wa chumba chake pamoja naye. Komeo lilikuwa limetiwa kwa ndani, dirisha limefungwa, chumba kitupu. Godoro lilikuwa limebonyea upande anaolala yeye, na bado lilikuwa na joto.

Walilichoma godoro, wakanunua jingine, wakaliweka chumbani, na usiku huo wakalala sebuleni wote watatu. Asubuhi lile jipya lilikuwa limebonyea. Pande zote mbili.