Mgongo Aliomgeuzia Mama

"Jeshi la Majini! Zimeni injini!"

Boti ya magendo haikuzima. Iliongeza mwendo, ikielekea bandarini.

Nyuma yake, injini mbili za Yamaha za boti ya doria zilinguruma. Jasusi Gatini, aliyeitwa Sindano kazini, alishika nguzo, bastola ya Glock kiunoni, uso ukimwaka.

Si jua. Ni aibu.

Asubuhi hiyo hiyo waliikagua boti hii. Wanaume walipekua mizigo, yeye akaingia kibandani. Mwanamke alikuwa amepakata mtoto, shuka kifuani.

"Dada, nanyonyesha. Nisitiri."

Sindano akamgeuzia mgongo, adabu za kwao. Akatoka.

"Safi," akatangaza.

Sasa redio ilikoroma. Manowari nzima waliyotoka ilikuwa inasikiliza.

"Sindano, vilipuzi vimo humo. Vinakwenda kwenye matangi ya mafuta bandarini. Yule mama ulimpekua?"

"Hapana, afande."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ananyonyesha."



"Tulikupeleka wewe kwa sababu wanaume hawawezi kumgusa."

"Najua, afande."

Mshika usukani alicheka puani. "Ningeingia mimi ningeitwa sina haya. Wewe je?"

"Mimi niite utakavyo, kaka. Nisogeze tu."

Akamsogeza. Sindano akarukia boti ya magendo.

Jamaa mmoja aliinua AK. Teke moja, bunduki majini. Ngumi moja, jamaa sakafuni. Mwenzake akazima injini mwenyewe.

Kibandani, shuka lilipanda haraka.

"Dada, nanyonyesha..."

"Nyonyesha. Leo natazama."

Akalifunua. Mtoto alikuwa ananyonya ncha ya kitambaa kikavu. Midomo imepasuka.

"Huyu si wako."

Mwanamke akainamisha kichwa.

Sindano alifungua nepi. Vilipuzi vimezungushwa tumboni kwa selotepu, ngozi imevimba.  Asubuhi alimgeuzia mgongo na huyu pia.

Akakata selotepu polepole. "Pole, mwanangu. Pole, baba."

Akabonyeza redio. "Vilipuzi ninavyo. Bandari salama. Leteni maziwa."

"Hongera, Sindano! Nani tena atasema wanawake wasipande boti za ukaguzi?"

"Waambieni nilikosea kwanza, afande. Atakayenifuata akijua hilo, hatageuka."

Mshika usukani alimpa mkono avuke. Hakucheka.

"Nikubebee mtoto, dada?"

"Beba vilipuzi."

Gatini alishuka bandarini na mtoto kifuani, akapita katikati ya wanamaji waliopiga saluti, bila kumtazama yeyote, akaenda zake zahanati.